Behewa la kifahari la enzi za Malkia Victoria: ling'arishwe lionekane jipya, au litunzwe pamoja na uzee wake?

Mwalimu wa Useremala (Uyole, Mbeya)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafundisha useremala, na kikundi cha watu wapendao historia hapa Mbeya kimeniomba niandae mada kuhusu namna mafundi wa Uingereza wanavyofufua mabehewa ya kifahari ya enzi za Malkia Victoria ili yawekwe katika makumbusho. Sababu ya ombi hilo iko hapa hapa nyumbani. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, na kikundi kinatamani kwamba siku behewa la daraja la kwanza la miaka ile litakapoondolewa kazini, wawepo watu katika nyanda hizi wanaojua kulihifadhi, badala ya kuliacha likatwe na kuuzwa kama chuma chakavu.

Katika kusoma nimekwama mahali pamoja. Chukueni behewa la Malkia Victoria mwenyewe, ambalo sasa limo katika makumbusho ya taifa ya reli mjini York. Lilijengwa mwaka 1869 katika karakana za Wolverton, likiwa mabehewa mawili yaliyounganishwa kwa kipito chenye mikunjo ili abiria aweze kuvuka kutoka moja hadi jingine. Mwaka 1895 mabehewa hayo mawili yalifanywa mwili mmoja mrefu, ukaketishwa juu ya bogi mbili, yaani fremu za chini zinazobeba magurudumu, zenye magurudumu sita kila moja. Ndani mna hariri ya buluu na mbao zilizonakshiwa. Sasa fundi akikabidhiwa kitu kama hicho, anakirudisha katika mwaka upi? Akisema 1869, itambidi atenganishe kile ambacho Malkia mwenyewe alikitumia miaka yake ya mwisho.

Nina swali jingine linalohusu mkono zaidi. Seremala akiona vanishi iliyopasuka na kuwa nyeusi, anashika msasa. Ninafundisha hivyo kila siku kwa milango na makabati. Je, katika behewa la makumbusho kazi hiyo inaruhusiwa, na kama hairuhusiwi, fundi afanye nini?

Mhifadhi wa Mambo ya Kale (Iringa)

Salamu, Mwalimu. Nimefurahi kwamba umeanza na mwaka, kwa sababu wengi huanza na rangi, na wakishaanza na rangi hakuna kurudi nyuma.

Upo Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo na vitu vya kale huutumia kama mwongozo. Kifungu chake cha 9 kinasema kwamba kazi ya kurejesha ikome pale ambapo kukisia kunaanza. Kwa behewa la Malkia jibu linafuata hapo hapo: umbo la mwaka 1895 lipo, linashikika, mbao zake na hariri yake ni zile zile alizoziona mwenye behewa, ilhali umbo la mwaka 1869 lingetulazimu kukata vilivyopo na kujenga kwa kukisia. Ndiyo maana behewa lile linaonyeshwa katika hali yake ya mwisho ya utumishi, nayo makumbusho inasimulia hatua za awali kwa maandishi na picha. Mwaka wa kurejelea huchaguliwa kwa kuuliza ni hali ipi kitu chenyewe bado kinaweza kuithibitisha. Swali la lini kilipendeza zaidi haliingii katika uamuzi huo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Nairobi. Katika makumbusho ya reli ya mji huo kuna behewa namba 12, ambamo mwezi Juni 1900, katika kituo cha Kima, simba aliingia usiku na kumburuta nje ofisa wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyo huyo. Behewa hilo nalo ni la enzi za Victoria, kwani Malkia alifariki Januari 1901. Tufikiri fundi mwenye nia njema angekabidhiwa kazi hiyo, akabadilisha mbao zote zilizochakaa, akaweka madirisha mapya na kupaka rangi mpya ndani na nje. Angelitoa behewa zuri, lakini mgeni angesimama mbele ya mbao ambazo simba yule hakuzigusa. Thamani ya kitu kile imo katika mbao zenyewe zilizokuwepo usiku ule, na hizo hazitengenezwi upya.

Kuhusu vanishi na msasa, ninakusihi msasa uwe wa mwisho kabisa, na mara nyingi usifike. Kabla ya kugusa chochote, mhifadhi huchukua vipande vidogo vya rangi, vingine vidogo kuliko punje ya uwele, kutoka sehemu zilizofichika kama nyuma ya bawaba au chini ya ukanda wa mbao. Kila kipande hugandishwa ndani ya gundi angavu, hulainishwa upande mmoja, kisha huwekwa chini ya hadubini. Hapo matabaka yote hujipanga mbele ya macho: rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao, tabaka za kujaza, rangi yenyewe, vanishi, halafu mstari mwembamba wa uchafu unaoonyesha kwamba behewa lilitembea katika moshi wa makaa kwa muda kabla ya kupakwa tena. Kwa njia hiyo hujulikana behewa lilikuwa na rangi gani katika kipindi gani. Ukishapiga msasa hadi kwenye mbao, umeichoma kumbukumbu hiyo yote, na hakuna picha ya zamani itakayokurudishia, kwani picha za wakati ule karibu zote hazikuwa na rangi.

Kuna jambo la afya pia, na hili walimu walisisitize kwa vijana. Rangi za karne ya 19 zilijaa madini ya risasi. Kuzipiga msasa zikiwa kavu ni kupumua sumu. Wanaolazimika kuziondoa hufanya hivyo zikiwa zimeloweshwa, wakiwa wamevaa barakoa za kuchuja hewa, na uchafu wake hukusanywa na kutupwa kwa utaratibu maalumu. Mabehewa ya katikati ya karne ya 20 yana hatari yake nyingine, yaani asbesto iliyowekwa kuzuia joto na kelele. Behewa lolote la miaka hiyo, likiwa ni la Uingereza au la kwetu, lipimwe kwanza kabla fundi hajafungua hata ubao mmoja wa dari.

Mzee wa Karakana (Makambako)

Mwalimu, na wewe dada wa Iringa, nawasalimu. Mimi nimestaafu kazi ya ufundi wa reli, na mambo ya chini ya sakafu ndiyo niliyoyashika maishani, kwa hiyo nitaongeza kuhusu huko, kwa maana watu wengi wakisikia neno kifahari huangalia juu tu.

Magurudumu ya mabehewa mengi ya abiria ya Uingereza wakati ule yalikuwa ya Mansell. Katikati palikuwa na kitovu cha chuma, kukizunguka kulikuwa na vipande 16 vya mbao ya mtiki vilivyochongwa kama vipande vya duara, na nje ya mbao hizo ndipo lilipofungwa tairi la chuma. Mbao ilimeza mtetemo na kelele, na abiria wa daraja la kwanza alisafiri kwa utulivu ambao gurudumu la chuma tupu lisingempa. Fundi asiyejua akiona mbao hizo zimekauka na kulegea, anaweza kuleta magurudumu ya chuma kutoka kwenye behewa jingine, kwa kuwa yatasimama vizuri relini. Kwa behewa ambalo halitatembea tena hakuna haja hiyo. Liinuliwe kidogo kwa vishikizo vya chuma vilivyofichwa ili uzito usikae juu ya magurudumu, na mbao zile ziachwe zilivyo.

Halafu kuna breki. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, mabehewa ya treni ya matembezi iliyojaa watoto na wazazi wao yaliachana na sehemu ya mbele kwenye mlima, yakarudi nyuma na kugonga treni iliyokuwa ikija. Watu 80 walikufa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni zote za abiria ziwe na breki zinazounganisha mabehewa yote ya treni na kujifunga zenyewe mabehewa yanapoachana. Kwa hiyo behewa lililojengwa mwaka 1870 na kukutwa na mabomba ya breki za aina hiyo linaweza kuwa linaonyesha, chini ya sakafu yake, sheria ile ikitekelezwa. Anayesema mabomba hayo yatolewe kwa sababu hayakuwepo siku behewa lilipotoka karakana anafuta sehemu ya maisha yake ambayo iligharimu roho za watu. Mimi nisingeyatoa.

Jambo dogo ambalo mwanafunzi wako atalikumbuka: skrubu. Skrubu za nyota zilienea miaka ya 1930. Ukimwona fundi anafunga kiti cha mwaka 1880 kwa bisibisi ya nyota, mzuie. Zitumike za shaba zenye mfuo mmoja, na zile za zamani zilizotoka salama zirudishwe kila moja kwenye tundu lake. Tulipokuwa tukifungua mitambo tulichora mchoro kwenye ubao, tukachomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro, na kwa mabehewa haya njia hiyo inafaa sana.

Mwalimu wa Useremala (Uyole, Mbeya)

Shikamoo, Mzee, na nakushukuru, dada. Yale ya breki sikuyajua, na yameninyoosha fikra.

Naomba niulize kuhusu mbao. Ubao ukiwa umeoza kabisa, hasa kwenye kizingiti cha chini ambako maji hutuama, hakuna namna isipokuwa kuubadilisha. Waingereza walitumia mwaloni na mtiki kwa fremu, mahogani na mtiki kwa kuta. Sisi tuna mtiki wa bonde la Kilombero, tuna mninga, tuna mkongo, na misindano ya Sao Hill imejaa kila yadi ya Mafinga. Je, ni halali kutumia mbao nyingine iliyo bora, au ni lazima iwe ile ile?

Mzee wa Karakana (Makambako)

Marahaba, Mwalimu.

Iwe ile ile kadiri inavyowezekana, kwa sababu ya ufundi kwanza, kabla ya historia. Mbao mbili za aina tofauti zikiunganishwa kwa ulimi na tundu hazivuti wala hazitemi unyevu kwa kasi moja, na hapa kwetu, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili kisha kiangazi kikavu cha baridi kikafuata, kiungo hicho kitachezacheza kila mwaka hadi kipasuke. Msindano usiuguse kwa kazi hii. Mtiki wa Kilombero ni mti ule ule waliouleta Waingereza kutoka Burma na India, ila uchague wenye umri, wenye moyo mpana, kwa kuwa mti mchanga una sehemu kubwa nyeupe isiyodumu. Kumbuka pia kwamba mtiki una mafuta yake, hivyo ufutwe kwa spiriti sehemu ya kiungo muda mfupi kabla ya kupaka gundi.

Na usibadilishe ubao mzima kwa ajili ya kuoza kwa ncha yake. Kata sehemu iliyooza kwa mshazari, unga kipande kipya, kisha upande usioonekana chonga mwaka uliofanya kazi hiyo. Atakayefungua behewa baada ya miaka hamsini atajua kipi ni cha kale na kipi ni chako.

Mhifadhi wa Mambo ya Kale (Iringa)

Ninakubaliana na Mzee, nami naongeza gundi. Mafundi wa Victoria walitumia gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba inaachia ikipata joto na unyevu kidogo, kwa hiyo kiungo kinaweza kufunguliwa tena bila kuvunjwa. Gundi za kisasa za kuchanganya chupa mbili ni imara mno kwa kazi hii, kwani kiungo kikishindwa siku moja, kitakachopasuka ni mbao ya kale yenyewe. Ni vivyo hivyo kwa sheliki, ile vanishi itokanayo na utomvu wa wadudu wa India. Huyeyuka kwa spiriti, na ngozi yake iliyochoka mara nyingi huweza kulainishwa na kusambazwa upya palepale ilipo bila kuibandua. Juu yake hupakwa nta ya nyuki, ambayo nyanda zetu, kuanzia Chunya hadi Mufindi, zina wingi wake.

Fundi Makochi (Njombe)

Naomba niingie, maana viti ndiyo kazi yangu.

Kiti cha behewa la kifahari la wakati ule ni tabaka juu ya tabaka: mikanda ya katani iliyosukwa chini, springi zilizofungwa kwa kamba kila upande, gunia, singa za farasi zilizosokotwa na kuchambuliwa, pamba, kitambaa cheupe, ndipo mahameli au kitambaa kizito cha manyoya kinakuja juu pamoja na vifungo na kanda za urembo. Leo mteja akileta kochi la bibi yake, mafundi wengi tunang'oa kila kitu na kuweka sponji. Kwa kiti cha makumbusho hilo ni kosa, hata kama sponji haitaonekana. Sponji huoza na kuwa unga, tena hutoa hewa inayodhuru vitambaa vilivyo karibu, lakini pia hukaa tofauti, ukaona kiti kimevimba kama mto wa hoteli wakati kile cha asili kilikuwa kimebana na kunyooka.

Kabla ya kung'oa chochote, fumua upande mmoja tu ulio nyuma, uangalie chini ya kitambaa cha juu. Mara nyingi wenye reli hawakutoa kitambaa cha zamani, walikiwekea kingine juu yake. Ukiwa na bahati utakuta mahameli ya kwanza bado ina rangi yake kamili chini ya mkunjo ambako mwanga haukufika, na kutoka kwenye kipande hicho cha upana wa vidole viwili mfumaji anaweza kutengeneza kitambaa kipya chenye rangi na nakshi ile ile. Kile cha asili kihifadhiwe kwenye karatasi isiyo na asidi, gizani.

Kuhusu nondo na wadudu wa singa, msipulize dawa ya dukani kwenye hariri. Makumbusho hufunga kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukigandisha kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu. Friza la kawaida la nyumbani likifika nyuzi 18 chini ya sifuri, kitambaa huachwa humo wiki mbili.

Mdau wa Utalii (Tukuyu)

Nimesoma yote kwa heshima, lakini nina hoja kinyume kidogo. Mgeni anayelipa kiingilio, au mtoto wa shule aliyeletwa kutoka Rungwe kwa basi, akioneshwa behewa jeusi lenye hariri iliyochanika, ataondoka akiamini kwamba wakubwa wa zamani walisafiri katika uchakavu. George Pullman, Mmarekani mtengenezaji wa mabehewa ya kifahari, alipoleta mabehewa yake kwenye reli ya Midland ya Uingereza mwaka 1874, vipande vikiwa vimetoka Marekani na kuunganishwa Derby, watu walistaajabia mng'ao wake. Mwaka 1881 behewa la Pullman lililokwenda Brighton liliwashwa taa za umeme wakati nyumba nyingi za London bado zilitumia gesi na mafuta. Mshangao huo ndio habari yenyewe. Tukiuficha chini ya uzee, tumehifadhi mbao na kupoteza maana. Nafikiri mtu mwenye kitu cha fahari ana wajibu wa kuionyesha fahari hiyo.

Mhifadhi wa Mambo ya Kale (Iringa)

Hoja yako ni nzito, ndugu yangu, na hata Uingereza kazi hufanyika kwa njia zote mbili. Kinachoamua ni kiasi cha asili kilichosalia. Mabehewa mengi ya enzi zile yaliuzwa kama miili mitupu, yakaondolewa magurudumu na kufanywa nyumba za kuishi, mabanda ya bustani, hata mabanda ya kuku. Baadhi yamepona kwa sababu wenyeji waliyajengea paa juu yake. Behewa la namna hiyo likifika karakana lina kuta na labda milango, lakini viti, taa na mapambo yote yametoweka. Hapo kutengeneza upya ni halali, kwani hakuna cha asili kinachofutwa: hutafutwa chesisi ya umri unaolingana, viti hujengwa kwa kufuata michoro ya kampuni, na dari hufunikwa tena kwa Lincrusta, ule utando mnene wa kubandika ukutani wenye nakshi za mwinuko, uliobuniwa na Frederick Walton mwaka 1877, ambao bado unatengenezwa. Mng'ao unaoutaka utapatikana humo, na watoto wanaweza kuketi.

Lakini behewa lililofika na hariri yake, hata ikiwa imechanika, ni adimu mno kulifanyia hivyo. Kwa hilo unaweza kujenga kando yake chumba kimoja cha mfano, kipya kabisa, chenye mahameli inayong'aa na taa zinazowaka, mgeni aguse na kuketi, kisha asogee hatua chache na kulitazama la kweli kupitia madirishani bila kuingia. Behewa la Malkia huko York hutazamwa kutoka nje hivyo hivyo. Unyayo na pumzi za watu huharibu zulia na hariri kuliko miaka mia ya kusimama.

Mdau wa Utalii (Tukuyu)

Chumba cha mfano kando yake ninakikubali, maadamu kibandikwe maandishi wazi kwamba ni cha mfano, mgeni asidanganyike.

Mwalimu wa Useremala (Uyole, Mbeya)

Nawashukuru nyote. Nitaiandaa mada kwa kuanza na hadubini na matabaka ya rangi, halafu breki, na useremala nitauweka mwisho, ingawa ndio wangu. Kwa vijana nitatafuta kiti kimoja cha zamani cha mbao na singa, wakifungue kwa kufuata mchoro wa skrubu wa Mzee. Limebaki swali moja la vitendo, dada: kama siku moja tutapata behewa hapa Mbeya, tuanze na nini wakati fedha bado hazijapatikana?

Mhifadhi wa Mambo ya Kale (Iringa)

Anzeni na paa, na msisubiri kitu kingine. Jengeni banda refu lenye mapaa yanayotoka nje vya kutosha kuzuia mvua ya upepo, sakafu ya changarawe iliyoinuliwa ili mchwa waonekane wakijenga njia zao, na upande wa magharibi ufungwe kabisa. Mji wenu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la mahali pa juu hivyo hula kitambaa upesi, kwa hiyo madirisha ya behewa yawekewe mapazia ya pamba nyeupe. Mwanga unaofika kwenye hariri na mahameli usizidi lukzi 50. Wekeni ndani kipimo cha unyevu na muandike namba zake asubuhi na jioni kwa mwaka mzima wa mvua na kiangazi, kwani kubadilikabadilika ndiko kunakopasua mbao kuliko unyevu wenyewe. Pigeni picha kila ubao, kila kitasa, kila namba iliyogongwa kwenye chuma, mkiweka rula kando ya kila kitu kinachopigwa. Behewa likikaa hivyo kavu na kivulini kwa miaka kumi bila kuguswa, fundi atakayekuja atalikuta lote, na mnitumie hizo namba za unyevu mtakapozipata, nizilinganishe na za hapa Iringa.